Mume wangu anataka mbwa aondoke kwa sababu ya kupe

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na hofu, na nyumbani tumeshakwaruzana juu ya jambo hili. Wiki iliyopita tulikwenda kutembea sehemu yenye nyasi ndefu, mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka sita na mbwa wetu Simba. Mtoto na mbwa walishinda wakikimbizana humo nyasini. Siku mbili baadaye nilikuwa namchana binti nywele, kidole kikagusa kitu nyuma ya sikio. Nikadhani ni chunjua. Nilipozitenga nywele nikaona kina miguu.

Mama mkwe alikuwepo. Akaniambia nisikiguse, akaleta mafuta ya taa na kumpaka yule kupe. Tukasubiri, wala hakutikisika. Mama akambana kwa kucha, akamsokota, akamvuta. Mwili ukatoka, lakini kwenye ngozi kikabaki kidoa cheusi. Mume wangu akachukua sindano kukichokonoa, mtoto akalia mpaka tukaacha. Sasa pana wekundu kidogo na anajikuna. Homa hana, anakula na anacheza kama kawaida.

Jioni hiyo hiyo nikamkagua Simba. Mjomba, masikio yamejaa! Kati ya vidole, chini ya mshipi wa shingoni, kila mahali. Na pale anapolala, wadogo wadogo wanapanda ukutani. Jirani anayefuga ng'ombe amenipa chupa ya dawa ya josho. Anasema nichanganye kidogo na maji nimwogeshe mbwa, na paka nimpitishie humo humo, kazi iishe. Mume wangu yeye ameshakata shauri: mbwa aondoke, maana ndiye aliyetuletea balaa.

Naomba unisaidie. Mtoto nimpeleke akachomwe sindano sasa hivi au nisubiri? Kile kidoa tukifanyeje? Dawa ya jirani nitumie? Na je, mume wangu ana haki?

Mama Mwenye Wasiwasi

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na swali la tatu, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuua mtu wa nyumbani mwako leo, na huyo mtu ni paka. Hiyo chupa ifunge, iweke juu mahali mtoto asipofika, halafu mrudishie jirani kwa shukrani. Dawa nyingi za josho zina amitrazi, au dawa za jamii ya pareto za kiwandani kama vile permethrini na sipamethrini, au zile kali zaidi za jamii ya fosfati. Vipimo vyake vimepigwa kwa ajili ya ng'ombe. Ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja permethrini, na paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo ulichompaka mgongoni jioni kitakuwa tumboni usiku. Huanza kutetemeka masikio na miguu, kisha degedege, na wengine hufa. Hata dawa halali ya mbwa iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina permethrini humdhuru paka akimlalia mbwa aliyepakwa kabla haijakauka. Paka wako akishapakwa kwa bahati mbaya, mwogeshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo bila kungoja atetemeke.

Na Simba naye asiogeshwe nayo. Amitrazi imo katika baadhi ya dawa za mbwa, ni kweli, na wafugaji watakwambia mbwa wao wameogeshwa josho miaka yote na wako hai. Wanaosimulia ni wenye mbwa waliopona. Mbwa aliyezidishiwa amitrazi hulegea, huyumba, moyo hupiga polepole, na "kidogo" ya jirani hakuna anayejua ni kiasi gani.

Sasa tuje kwa binti.

Kile kidoa cheusi ni mabaki ya mdomo wa kupe. Watu huogopa kwamba kichwa kimebaki hai ndani na kitaota mwili mwingine. Hakioti, mpwa wangu. Mdomo uliokatika hauna uhai na hauendelei kunyonya wala kutema kitu. Kiache. Osha kwa maji na sabuni, paka spiriti kidogo au dawa ya kidonda, na ngozi itakisukuma chenyewe kama inavyosukuma mwiba mdogo. Sindano ya mume wako ndiyo ya kuogopa, kwani huko kuchokonoa ndiko kunakoleta usaha. Wekundu mdogo na kuwasha katika siku za mwanzo ni ngozi kuyakataa mate ya kupe, ni jambo la kawaida.

Sindano ya haraka haraka haihitajiki. Kupe wengi hawana ugonjwa wowote, na mtoto mzima wa afya hapewi antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, kwa kuumwa tu. Kuna jambo moja la kuuliza: mahali penye ugonjwa wa Lyme, ule unaosababishwa na bakteria aina ya Borrelia, daktari anaweza kuamua kutoa dozi moja ya doksisaiklini ndani ya saa 72 tangu kupe atolewe, ikiwa ni kupe wa aina inayoubeba na alikuwa ameshiba damu. Daktari wa eneo lako anajua kama mpo katika sehemu hizo. Usiinunue mwenyewe dukani ukampa.

Kazi yako ni kuangalia kwa muda wa mwezi mmoja. Andika tarehe mliyokwenda nyasini na tarehe mliyomtoa kupe, piga picha ya pale palipoumwa, na kama wekundu unakutia shaka, zungushia mstari wa kalamu kwenye ukingo wake uone kesho kama umevuka. Wekundu wa kawaida hupungua. Wekundu wa Lyme hutokea kati ya siku 3 na siku 30 baada ya kuumwa, hutanuka taratibu siku hadi siku, ukapita sentimita 5, na mara nyingine katikati hupauka ukaonekana kama duara ndani ya duara. Si lazima uume wala uwashe. Homa za riketsia, bakteria wengine wanaoenezwa na kupe, zina alama nyingine: mara nyingi pale alipouma kupe hugeuka kigaga cheusi kama pameunguzwa na sigara, mitoki ya karibu huvimba, kisha homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, pengine na vipele.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza siku. Mtoto anashikwa na homa, anapelekwa kupimwa malaria, kipimo kinatoka safi, anarudishwa nyumbani na panadoli. Nawe hukusema habari za kupe kwa sababu hukuulizwa. Sema! Mtoto akipata homa ndani ya mwezi huu, neno la kwanza kwa daktari liwe "aliumwa na kupe tarehe fulani." Riketsia hutibika vizuri sana ikianzwa mapema, na daktari anaweza kumpa hata mtoto mdogo ile doksisaiklini ambayo kwa kawaida watoto hawapewi ovyo.

Kuna alama moja adimu, lakini kwa vile ni binti mwenye nywele za kuchana, nitaitaja. Mtoto akianza kuyumba, miguu ikikosa nguvu, na udhaifu ukipanda kuelekea juu bila homa, mpeleke hospitali mara moja na njiani mpekue kichwa chote nywele kwa nywele. Kupe jike wa aina fulani hutoa sumu inayopooza wakati ananyonya, na watoto wa kike hupatwa zaidi kwa sababu nywele humficha. Mara nyingi kupe akishatolewa nguvu hurudi.

Mama mkwe usimlaumu. Mafuta ya taa, mafuta ya mgando, kiberiti, rangi ya kucha, hayo yote yametumika dunia nzima na watu wenye nia njema. Tatizo ni jinsi kupe alivyoumbwa. Mdomo wake una kijiti chenye miiba inayoelekea nyuma, na kupe wengi wa gamba gumu humwaga ute unaoganda ukamgundisha kwenye ngozi. Hata akitaka kuondoka haraka hawezi. Kumkosesha hewa nako hakusaidii upesi, kwa sababu hupumua kwa nadra sana. Ukimchoma au kumpaka kitu kikali anachoweza kufanya ni kutema mate na alichonyonya kwenye jeraha, ambacho ndicho tusichokitaka.

Tafuta kibano chenye ncha nyembamba. Kile kipana cha nyusi humminya tumbo. Tenga nywele, mtu mwingine ashike tochi, na umshike kupe pale mdomo unapoingia ngozini, karibu kabisa, hata ukahisi ncha ya kibano inagusa ngozi. Kisha vuta juu, wima, taratibu, bila kustua wala kusokota. Utaona ngozi inainuka kidogo pamoja naye. Hapo usiongeze nguvu na usilegeze. Shikilia hivyo hivyo, na baada ya sekunde kadhaa utahisi ameachia, pengine na kipande kidogo cha ngozi mdomoni. Hivyo ndivyo anavyotoka mzima. Vile vijiti vya ndoano vinavyouzwa kwa ajili ya kupe vina mtindo wake wa kuzungusha, fuata maelezo ya pakiti. Huna kibano? Tumia vidole vilivyofunikwa karatasi laini au glavu, karibu na ngozi iwezekanavyo. Ni afadhali kuliko kumwacha mpaka kesho ukitafuta kifaa.

Na usimpasue kwa kucha, wa mtoto wala wa mbwa. Najua ile raha ya kumsikia akipasuka. Lakini damu yake ikiingia kwenye mchubuko inaweza kukuambukiza. Homa ya Kongo-Krimea, ambayo huvujisha damu, ni mojawapo ya maradhi yanayopita kwa njia hiyo. Mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti au mfunge kwenye gundi ya karatasi, kisha osha mikono.

Muda ni dawa kubwa kuliko hayo yote. Bakteria wa Lyme kwa kawaida huhitaji kupe awe amening'inia zaidi ya saa 24 ndipo wavuke. Baadhi ya virusi huvuka mapema zaidi, ndani ya dakika, kwa hiyo saa 24 zisikupe usingizi. Ila kila saa unayompunguzia kupe ni faida.

Haya, mume wako.

Mwambie hivi, kwa upole: mbwa akiondoka, kupe hawatamfuata. Watabaki ndani ya nyumba.

Hao wadogo uliowaona ukutani, ukiwahesabu miguu kwa kioo cha kukuzia, huenda ukakuta ni sita, maana ni watoto walioanguliwa karibuni. Wakubwa wana minane. Kwa maelezo yako nadhani ni kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye kwa kitaalamu huitwa Rhipicephalus sanguineus, na huyu ana tabia ambayo kupe wengine wengi hawana: anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Hunyonya, hujiangusha, hujificha ufani, hujivua gamba, hurudi kwa mbwa. Hufanya hivyo mara tatu, kila umri mara moja. Jike akishajaa damu na kuwa wa kijivu, huanguka, hupanda ukuta, hutaga mayai elfu kadhaa kwenye ufa au nyuma ya fremu ya mlango, kisha hufa. Kwa hiyo hao unaowaona masikioni mwa Simba ni wachache. Wengi wako ukutani na sakafuni, na mkubwa wao anaweza kukaa miezi mingi bila kula.

Huyu kupe anampenda mbwa kuliko mtu. Sasa mwondoe mbwa anayempenda, halafu muache na njaa kwenye chumba mnacholala ninyi. Atamgeukia nani?

Bali mbwa aliyetibiwa vizuri anageuka kuwa mtego. Siku hizi kuna vidonge vya mbwa, vya jamii ya fluralana, afoksolana na sarolana, vinavyokaa kwenye damu mwezi mzima au hata miezi mitatu kulingana na aina. Kupe anapanda, anauma, anakufa. Kila anayetoka ufani kumtafuta Simba anakuwa amekwenda kujimaliza. Ndiyo maana nasema Simba ndiye msaada wako mkubwa katika vita hii. Dawa za matone za kupaka ukosini zipo, na mishipi yenye dawa ipo. Zote zinafaa zikitolewa kwa uzito wa mbwa. Usinunue ya mbwa mkubwa ukaigawa, na umwambie daktari kama Simba amewahi kupata kifafa, maana vile vidonge vinaweza kumletea degedege. Paka apate ya paka, iliyoandikwa paka.

Mbwa akishapewa, mtolee kwa kibano kupe wale wakubwa unaowaona, hasa ndani ya masikio, kwenye kope, kati ya vidole, kwapani, chini ya mkia. Wengine watakauka wenyewe. Wakati huo huo angalia fizi zake. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, au mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, au akitokwa na damu puani, au amelala tu na hataki kula, ni daktari siku hiyo hiyo. Babesia, kimelea anachokileta kupe, huvunja chembe nyekundu za damu. Ehrlichia, bakteria anayeletwa pia na kupe, ni mjanja zaidi, hukaa kimya miezi kadhaa mbwa akionekana mzima, kwa hiyo kwa wingi wa kupe uliousimulia ningeomba Simba apimwe damu hata kama anacheza.

Nyumba nayo ina zamu yake. Matandiko ya Simba yafuliwe kwa maji moto kweli kweli, kwani kwa maji baridi kupe hutoka kwenye ndoo akiwa hai na safi. Nyufa zizibwe. Pembe na fremu zifyonzwe kwa mashine au zifagiliwe, na uchafu ufungwe na kutupwa nje siku hiyo hiyo. Dawa ya kupulizia nyufani ipulizwe na mtu anayeijua, iwe ya majumbani, na mtoto na paka wakae mbali mpaka ikauke. Simba asilale kitandani kwenu katika kipindi hiki. Kupe aliyekwisha jigundisha kwa mbwa haachi akaja kwenu, lakini anayetembea juu ya manyoya akitafuta mahali hana ubaguzi.

Sijasema kwamba wa binti alitoka kwa Simba. Huenda alitoka nyasini moja kwa moja, na hilo si rahisi kulijua sasa. Kupe haruki, hana mbawa, na ile hadithi ya kuanguka kutoka mitini haina mashiko. Anapanda ncha ya jani, ananyoosha miguu ya mbele, anangoja. Kwenye miguu hiyo ana viungo vinavyonusa pumzi na kuhisi joto. Ukimgusa kwa goti, tayari amepata usafiri, kisha anapanda juu polepole akitafuta ngozi laini.

Kwa hiyo mkienda tena, na nendeni, msijifungie, mpite katikati ya njia. Suruali ndefu, ncha zake zichomekwe ndani ya soksi. Inachekesha kuonekana, ila inamlazimisha kupe apande kwa nje mahali mnapomwona, na kama nguo ni za rangi nyepesi mtamwona mapema. Kwenye ngozi pakeni dawa ya kufukuza wadudu yenye diiti au pikaridini, kwa kipimo cha umri wa mtoto kilichoandikwa kwenye chupa, na isipakwe viganjani mwake. Permethrini ni ya nguo na viatu tu, na zikaukie mbali na paka.

Mkirudi, oga mapema, ndani ya saa mbili ikiwezekana. Kagueni nyuma ya masikio, kisogoni, kwapani, kitovuni, kwenye mkanda wa nguo ya ndani, kinenani, nyuma ya magoti. Pitisha vidole, usitegemee macho peke yake. Kupe mchanga si mkubwa kuliko punje ya ufuta, na mate yake hutia ganzi, kwa hiyo hakuna atakayelalamika kuumwa. Nguo zisiachwe chumbani. Mkiwa na mashine ya kukaushia, ziingizwe kavu kwa joto kali dakika kumi kabla ya kufuliwa.

Ikiwa mtu nyumbani ataamka na alama za kuumwa usiku bila kumkuta mdudu, hiyo ni kesi nyingine, huenda ni kunguni au papasi. Papasi ni kupe wa gamba laini, anauma kwa dakika chache gizani na kurudi ufani. Homa yake huja, huondoka, na kurudi tena baada ya siku kadhaa. Hilo nalo mwambie daktari.

Anza na mizani: Simba apimwe uzito kabla hujanunua chochote. Dozi zikishaanza zisikatike, hata akionekana msafi. Ukiona bado wadogo ukutani mwezi wa pili, dawa haijashindwa. Ni mayai ya zamani yanaanguliwa, na hao nao itabidi wapite kwa Simba.

Mjomba